Mbao za Mwaloni Nilizozisugua

Louisville, kisha Columbus, ibada zetu tulizifanyia sebuleni mwa watu. Kwa hiyo mwaka 2015, kanisa moja la zamani la Riverside, hapa Buffalo, Marekani, lilipotuazima ukumbi wake kila Jumapili mchana kwa majaribio ya miezi mitatu, sisi Wakongo tulijiona tumepata makao.

Ukuta wa nyuma ya madhabahu ulifunikwa kwa mbao za mwaloni zilizochongwa kwa mtindo wa Gothiki wa mwisho wa Zama za Kati. Kila ubao ulikuwa na mikunjo ya wima, kama kitambaa kilichokunjwa. Kule Uvira, Kongo, nilikuwa seremala. Nilipitisha kidole kwenye mkunjo mmoja hadi chini, nikitafuta mahali patasi ilipoteleza. Sikupaona.

Kwetu kanisa husuguliwa Jumamosi.

"Ndugu, hii uchafu ni ya miaka mingi," mama aliyesimamia usafi aliniambia. "Wewe ndiye fundi, donc anza."

Nikachukua maji ya sabuni na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kama tulivyozoea kwa mvule. Nikasugua mbao tatu. Kesho yake zilikuwa na madoa meusi kama wino.

"Tuweke pazia," mama alisema. "Watafikiri ni pambo."

Niliogopa kutupotezea ukumbi, lakini kuficha kwa pazia kungetupotezea zaidi, hata kuaminiwa. Nikamwendea mtunzaji wa jengo, mzee Mmarekani, nikamwambia ni mimi.

"Chuma na maji?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mimi niliharibu hivyo meza ya mama mkwe. Amekufa bila kunisamehe."

Akanieleza kwamba mwaloni una kemikali ya asili iitwayo tanini, na tanini ikikutana na chuma na maji hugeuka wino. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwa upole namna ile. Jioni tatu, nikitoka kazini kwenye ghala la Cheektowaga, nilimkuta ameshakoroga unga wa asidi wa kuondolea madoa, na glavu zangu ziko mezani. Madoa yalitoka, isipokuwa kivuli hafifu kwenye mkunjo mmoja. Aliiambia kamati ya kanisa lake kila kitu, na pia kwamba nilimwendea mwenyewe kukiri.

Barua ya kamati ilitupa ukumbi kwa mwaka mzima, kwa sharti kwamba mbao ziguswe na mimi tu, tena kwa kitambaa kikavu. Mama aliisoma mara mbili.

"Bon," alisema. "Ukuta ni wako. Sisi tutabaki na sakafu."