Kitabu Ambacho Zabron Hakukijua

Kwa miaka mingi, msimu wa kuanika kahawa, nyumba ile ya kijijini Ruanda ilikuwa na utaratibu wake. Enesi anainama kwenye chanja, anachambua kahawa, anatoa zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Mumewe Zabron anakaa pembeni kwenye kigoda, kitabu mkononi, anamsomea kwa sauti kama ya mchungaji.

Si kwamba Enesi hakujua kusoma. Alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima akiwa binti aliyeolewa juzi tu, akafaulu, akapewa cheti. Vitabu vya maktaba ya kijiji alivimaliza vyote, hata cha ufugaji wa nyuki, na nyuki hakuwa nao. Kisha wakaja watoto sita, mmoja nyuma ya mwingine, na mibuni, na magugu yasiyojua Jumapili. Mwenye mtoto mgongoni na mwingine tumboni atashika kitabu kwa mkono upi? Akamwachia Zabron.

Mwaka jana presha ya macho ikamla Zabron macho yote mawili. Daktari alisema yaliyokwenda hayarudi. Zabron hakulia. Lakini kahawa ilipoanza kuiva, alikaa kwenye kigoda kile kile, mikono mitupu juu ya magoti, na Enesi akaona hilo hawezi kulitazama msimu mzima.

"Baba Lusubilo," akamwambia, "sogea hapa uchambue. Vidole vyako vinaona. Mimi nitasoma."

"Wewe?"

"Kwani kile cheti nilipewa cha kupika?"

Alichukua kitabu alichokipenda mumewe, cha mwindaji, kilichokwisha jalada zamani. Akavaa miwani ya kusomea. Basi ikawa shughuli. Herufi anazijua, lakini zilimtazama kama ndugu walioachana siku nyingi, hakuna anayeanza kusalimia. Anasoma neno, anapumzika, anashika la pili. Na Zabron kitabu chote amekiweka kichwani. Enesi akisema, "Mwindaji akainua," Zabron kashamaliza: "mkuki wake, mbwa wakanyamaza." Siku tatu hivyo hivyo.

Siku ya nne Zabron akamwambia kwa upole, "Umeruka mstari, mama."

Upole wenyewe ndio uliouma. Enesi akafunga kitabu. "Na wewe umeacha mbovu saba kwenye fungu hilo. Siku ya nne leo, na sijasema neno."

Zabron akaitoa mikono yake kwenye kahawa, akaipangusa taratibu, akainuka, akapapasa ukuta mpaka ndani. Enesi alitamani kulimeza neno lile, lakini lilikwisha kutoka. Kuomba radhi hakuzoea. Tangu aolewe ameomba mara mbili, na moja alikuwa anaumwa.

Siku mbili Zabron hakutoka. Anakula, anashukuru, anageukia ukuta. Enesi akachambua peke yake, na akaelewa vizuri kabisa: asipopata njia, kusomeana kumekwisha kwenye nyumba hii, na mwanamume huyu ataugeukia ukuta ule mpaka wamzike.

Siku ya tatu akajifunga kitenge akaenda sokoni Mlowo. Kwenye kibanda cha madaftari alimkuta kijana aitwaye Wiliam.

"Shikamoo bibi. Kitabu cha mjukuu? Yuko darasa la ngapi?"

"Ni cha babu. Na kiwe ambacho hajakisoma."

"Babu amesoma vitabu vipi?"

"Vyote. Kwa hiyo nipe kipya kipya."

Wiliam akacheka, akachomoa hadithi ya mwanamke aliyeuza shamba la marehemu baba yake bila ndugu zake kujua. Enesi akasoma mstari wa kwanza pale pale amesimama, polepole, watu wanampita na magunia. Akakichukua.

Nyumbani hakusema samahani. Alikaa nje ya dirisha la chumba na kuanza kusoma kwa sauti, akijikwaa, akirudi, akijikwaa tena. Ukurasa wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Alipofika mahali ndugu wanapiga hodi, akanyamaza makusudi.

Sauti ikatoka ndani: "Alifungua?"

"Sijui. Kitabu kiko huku nje."

Zabron akatoka. Enesi akamwekea kahawa mbele, na vidole vikaanza kazi. Sasa hakuwa na la kumtangulia mkewe. Ilibidi angoje neno lije.

Wiki ikapita hivyo. Mchana mmoja Enesi alichoka, maneno yakawa marefu, ukurasa umejaa mambo ya mikataba. Akaamua kuuruka na kusema ya kwake: yule mwanamke akatoka nje, akamkuta mbuzi wa jirani amemaliza mboga, akaenda kumsema mwenye mbuzi mbele ya watu.

Zabron alisikiliza mpaka mwisho. "Hayo hayamo kitabuni."

"Umejuaje, na hujakisoma?"

"Mwandishi wa huko mbali amemjuaje mbuzi wa jirani yetu Rozi?"

Enesi akacheka mpaka miwani ikashuka. Zabron naye akacheka, kisha akasema, "Mama Lusubilo, nisomee kilichoandikwa. Hata kama ni mstari mmoja kwa siku. Mimi siendi popote."

Enesi akafuta miwani kwa kitenge, akarudi mwanzo wa ukurasa aliouruka. Neno la tatu lilikuwa refu kama njia ya Ileje. Akalishika mwanzo, likamponyoka, akalishika tena. Vidole vya Zabron vikasimama juu ya kahawa. Hakumsaidia. Hakukohoa. Alingoja.

"Hawakuandikishiana," akasema Enesi.

"Ee," Zabron akaitikia. "Endelea basi."

"Nitaendelea nikitaka," akamjibu, na kidole kilikuwa kimeshafika kwenye neno linalofuata.