Sala yangu ya neno moja shambani

Nyie, sikieni yaliyonikuta leo.

Asubuhi tulikuwa tunavuna mpunga hapa Usevya, mimi na mama mkwe. Nikainua fungu la mpunga, chini yake swila! Kainua kichwa, ananitazama.

Mwaka huu nimejifunza kusali sala ndefu, hadi jumuiyani wananisifu.

Leo? Neno moja tu. "Yesu. Yesu."

"Usitingishike, mwanangu," mama akaninong'oneza. "Endelea kumwita."

Nikaendelea, jasho linaingia machoni.

Hatimaye nyoka akashusha kichwa, akapotelea kwenye majani.

Nikageuka. Mama, ambaye nilidhani haogopi kitu, kakaa chini analia.

"Mimi hata hilo neno lilinishinda," akasema. "Nilikuwa naitikia lako tu."

Nyie mkiogopa, huwa mnasalije?