Harufu ya Mzoga Nyuma ya Zizi la Shangazi

Mwaka wa pili baada ya Uhuru nilirudi Endamarariek na stashahada ya kilimo na mifugo. Hakuna aliyenisomesha. Karo niliipata kwa kuchuma kahawa kwenye mashamba ya walowezi, na katika vilima vyetu vyote hapakuwa na mwingine mwenye karatasi kama yangu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Wiki ya palizi nilikwenda kumwamkia shangazi yangu, mjane aliyeishi peke yake. Kesho yake majirani walikuwa waje kumpalilia mahindi. Bila wao magugu yangemaliza shamba, naye angekosa chakula cha mwaka. Pombe ya kuwakaribisha ilikuwa tayari.

Nyuma ya zizi harufu ilinipiga usoni. Nyama iliyooza! Nzi wa kijani walikuwa wakirukaruka kwenye mawe. Nikatazama ng'ombe: watatu. Nilipoondoka kwenda chuoni walikuwa wanne. Sikumwuliza mtu, mwenye stashahada angeuliza nini? Nikashuka mtoni, nikawatangazia wote waliokuwa wakiteka maji kwamba kwa shangazi amekufa ng'ombe kwa ugonjwa wa kimeta, naye amemfukia kwa siri.

Kwetu, nyumba yenye kifo kilichofichwa huachwa peke yake. Hakuna anayekwenda pale kuomba moto, wala anayetia jembe katika shamba lake, mpaka miezi ipite.

Asubuhi hakuja mtu hata mmoja. Nilimkuta shangazi amekaa mlangoni, mtungi wa pombe umejaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Bwana Chuo. Njoo unionyeshe huyo ng'ombe uliyemwua."

"Yule wa nne yuko wapi?"

"Yuko Mbulu kwa mdogo wangu, wajukuu wanakunywa maziwa. Kumkopesha ndugu ng'ombe, hilo nalo chuoni walikusahaulisha?"

Alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye mawe, akasukuma majani kwa mpini wa jembe.

"Nusa, msomi."

Palikuwa na mmea usio na jani, mashina manene yenye pembe nne, na juu yake ua la mviringo kama chungwa, jekundu la kuiva kama maini. Niliinama; uvundo ule ule wa jana ulitoka ndani ya ua. Kisha nikaona mayai ya nzi, meupe, yametagwa katikati ya ua. Mengine yalikuwa yameanguliwa. Funza wadogo walitambaa wakitafuta nyama ambayo haikuwapo. Wengi walikuwa wamekwisha kukauka.

Chuoni tulifundishwa kwamba ua humwita nyuki kwa harufu nzuri na kumpa utamu wake. Hakuna aliyetuambia kwamba lipo ua linalojipaka uvundo wa maiti, likamwita mama nzi, likawaacha watoto wake wafe njaa.

"Watoto wa hapa hunusishana hilo kwa utani," alisema shangazi. "Nzi hakusoma. Wewe je?"

Nilikata ua lile, nikatembea nalo nyumba hadi nyumba. Kila mlango niliwanusisha, nikasema kwa kinywa changu kwamba nimedanganyika. Jirani wa kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. "Afadhali nzi," alisema, "yeye hakwenda kutangaza mtoni."

Mchana walikuja wachache. Waliobaki waliogopa bado. Sehemu yao niliipalilia mwenyewe kwa siku nne, nikiwa na viatu vyangu vya chuoni miguuni.