Mbuzi wa Siku ya Mkaguzi

Juzi nilikuwa katika shule moja ya msingi kule Ruiri, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi nikimngoja mwalimu mkuu. Darasa la karibu lilikuwa na msichana wa chuo cha ualimu, aliyeletwa kwa mazoezi, akifundisha hesabu. Gari la mkaguzi wake lilipoingia langoni tu, nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Fungeni hesabu. Leo ni mifugo."

Nje alikuwa amefungwa mbuzi, ndiye kifaa cha somo hilo. Mtoto mmoja akamfungua. Mbuzi hakuvutwa. Alimpita mkaguzi mlangoni, akasimama kando ya ubao, akaligeuzia darasa ubavu.

Mkaguzi akamwinamia mtoto wa dawati la mbele. "Huyu mmemsoma lini?"

"Kila siku, mwalimu. Hata gari la maziwa likipita, anaingia."

Msichana wetu akaanza kutafuta chaki ambayo alikuwa ameishika.

Somo likaendelea, na kusema kweli lilikuwa tamu. Kwato, kiwele, pembe, kila kilichotajwa mbuzi alitulia kiguswe. Mwishowe mkaguzi akafunga kalamu yake.

"Mbuzi amefuzu, madam. Wewe nitarudi nikuone ukifundisha hesabu."

"Lini, mwalimu?"

"Hiyo sikuambii."

Watu husema mtu hujifunza ualimu darasani, si chuoni. Mimi sibishani nao tena. Aliyejifunza nimemwona kwa macho yangu, na ana pembe.