Fainali Tatu za Zephaniah Mwandawiro

Zephaniah Mwandawiro alikuwa mtu wa taa katika stesheni ya Voi. Kila alasiri ungemwona akichechemea kando ya reli na debe la mafuta, akienda kujaza taa za signali. Abiria wa Mombasa walimtazama dirishani huku wakimenya ndizi zao, wakamsahau kabla hawajafika Maungu. Hawakujua kwamba goti lile lililokataa kukunjwa lilikuwa la winga wa kushoto aliyetakiwa na nchi nzima. Haya, natia chumvi. Alitakiwa na watu watatu wa kamati ya Nairobi waliokuwa wakichagua timu ya Kenya. Lakini kwa kijana wa Mwanda, huko milima ya Taita, mwaka 1950, watu hao watatu walikuwa ndio nchi nzima.

Barua ya kumwita kwenye majaribio ilifika mwezi wa Julai, wiki ile ile ambayo baba yake, mzee Mwandawiro, alikuwa amealika majirani kuezeka nyumba. Na nyumba yenyewe haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya Zephaniah, aliyebakisha miezi michache tu aoe. Nyasi zilikuwa zimekatwa, pombe ya miwa ilikuwa inachacha, na kule milimani kijana akiwaacha majirani wapande paa lake naye hayupo, amemvua baba yake nguo mbele ya watu.

"Baba, nitarudi Jumatatu," Zephaniah alisema. "Ni kombe la kushindana na Uganda na Tanganyika. Si mpira wa hapa kwetu."

Mzee alikuwa akisokota kamba za kufungia nyasi. Hakuinua macho.

"Nenda," alisema.

Basi, neno hilo moja. Angemtukana, Zephaniah angeshukuru, maana tusi lina mwisho wake.

Majaribio yalipofika dakika ya ishirini, beki mmoja alimwingia vibaya na goti likageuka upande usio wake. Alilazwa hospitalini, mguu ndani ya plasta, na hapo ndipo mgonjwa wa kitanda cha pili alipompa gazeti. Brazili walikuwa wameshindwa Kombe la Dunia. Walihitaji sare tu. Walikuwa kwao, mbele ya watu karibu laki mbili, na bao la kwanza walifunga wao. Uruguay wakarudisha, kisha wakaongeza la pili. Mtu mwingine angesema mpira ndivyo ulivyo. Zephaniah alijiuliza nani alikuwa amewakasirikia.

Usimcheke. Wadawida wa zamani, ndio hao Wataita, waliamini kwamba hasira ya mtu wa nyumbani haihitaji uchawi. Hukaa moyoni kimya kimya, na siku moja humwangukia mtoto, au ng'ombe, au shamba. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira hutia maji au pombe kinywani, huyapuliza nje, na kusema moyo wake sasa ni mweupe. Lakini lazima afanye mwenyewe, na kwa kweli. Hakuna wa kumfanyia. Zephaniah alikuwa amebatizwa, na kanisani walikuwa wamemwambia aachane na mambo hayo. Kichwani aliyaacha. Gotini hakuweza.

Kwa hiyo hakurudi nyumbani. Alipotoka hospitalini alishukia Voi akapata kazi ya taa. Mchumba wake alingoja mwaka mzima, kisha akaolewa Ronge. Nalo hilo Zephaniah aliliweka kwenye hesabu ya "Nenda".

Rafiki yake mmoja tu ndiye aliyejua habari hizi. Huyu aliitwa Ndambuki, Mkamba mwenye sauti kubwa, fayaman, mchochea moto wa treni za Nairobi, na ndiye aliyemletea magazeti. Julai ya 1954 aliruka kutoka kwenye injini kabla haijasimama vizuri.

"Zephaniah! Hungaria wamepigwa!"

"Na nani?"

"Wajerumani. Tatu kwa mbili."

Zephaniah aliketi juu ya debe lake. Hungaria walikuwa wamemaliza miaka minne bila kufungwa na mtu. Wajerumani hao hao, Hungaria walikuwa wamewapiga nane kwa tatu wiki mbili tu kabla. Na siku ya fainali yenyewe walikuwa mbele mabao mawili hata dakika kumi hazijatimia.

"Kuna mzee," alisema polepole. "Huko kwao kuna mzee alinyamaza."

Ndambuki alicheka mpaka akakohoa. "Nyinyi Wadawida! Saa hii wazee wa Hungaria nao wanatema maji?"

"Kama wangetema, wangeshinda."

"Sasa si uende kwenu, umwambie babako ateme?"

Zephaniah aliogopa. Mimi namwona alikuwa mwoga tu, na ukaidi juu yake. Akilini alimwona mzee akilitazama lile goti na kuridhika.

Baadaye dada yake, Wakesho, alituma ujumbe na lori la mboga la Bura: "Njoo, baba hajisikii vizuri, na kuna jambo la nyumbani." Alijibu kwamba zamu zilikuwa nyingi. Mwaka uliofuata ukaja ujumbe wa pili, maneno yale yale. Akajibu kwamba yeye ni mtu wa kanisa, mambo ya nyumbani ayajua, wamwache. Usiku huo hakula.

Kisha ikaja 1958. Ndambuki alifika na gazeti limekunjwa mfukoni, na safari hii hakupiga kelele. Alimpa tu. Brazili walikuwa wamewafunga Sweden tano kwa mbili, Sweden kwenyewe. Ni Sweden waliotangulia kufunga, na Brazili hawakuvunjika moyo. Zephaniah alisoma mara mbili, akafuta macho kwa mkono unaonuka mafuta ya taa.

"Wamesamehewa," alisema. "Miaka minane, na wamesamehewa. Nami nitamwomba mzee."

Aliomba ruhusa ya siku tatu. Lori lilimpitisha Mwatate na Bura, na njia iliyobaki aliipanda kwa mguu, ukungu wa Julai ukimlowesha shati. Alikuta nyumba yake, ile iliyoezekwa bila yeye, imesimama imara. Baba yake alikuwa amelala ndani yake. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, ulimi pia, lakini macho yalimfuata tangu mlangoni.

Zephaniah alipiga magoti, goti moja tu. "Baba, nisamehe. Tasa, baba. Hata kwa moyo tu."

Wakesho alikuwa amesimama nyuma yake na kibuyu cha maji.

"Atase nini?" aliuliza. "Baba alitasa siku ile ile uliyoondoka, ndugu yangu. Treni yako ilikuwa haijafika hata Mtito. Alisimama pale nje mbele ya majirani wote, akapuliza pombe upande wa Voi, akasema mtoto acheze vizuri, arudi salama. Wote waliona. Alipoanza kuugua, wazee walituuliza mmoja mmoja nani ana hasira naye. Kila mtu wa nyumba hii ametasa. Umebaki wewe. Ndiyo maana nilikuita mara mbili."

Akampa kibuyu.

Zephaniah alitia maji kinywani. Alimtazama baba yake, naye mzee alimtazama, akingoja. Ilitosha kupuliza na kusema maneno mawili. Lakini miaka minane ilikuwa imejaa pale pale kwenye maji: goti, debe, mwanamke aliyeko Ronge, abiria wanaokula ndizi. Yote hayo alikuwa amempa mzee ayabebe. Sasa mzee alikuwa hana hatia, na mzigo haukuwa na mtu. Alitafuta moyo mweupe ndani yake. Alichokipata ni hasira mpya, kali kuliko ile ya zamani, ya kumkasirikia mzee kwa sababu hakumkasirikia. Na kutasa kwa uongo, hata yeye mtu wa kanisa alijua, ni kumwua mtu.

Wakesho aliona koo lake likipanda na kushuka, maji yakimezwa. Baba yake naye aliona.