Tumbo Moja, Majina Mawili

Shangazi yangu aliunganisha simu za watu tangu akiwa msichana mpaka siku aliyostaafu. Alikaa mbele ya ubao wa nyaya, akichomoa huku na kuchomeka kule, na sauti yake ilijulikana na watu wengi ambao hawakuwahi kumwona sura. Fundi saa mmoja alimposa kwa simu, akakataliwa kwa simu, na kila alipopiga baada ya hapo alianza kwa kumwita mchumba kabla hajataja namba anayoitaka. Shangazi akisimulia hayo alicheka mpaka akafuta machozi. Mengine hakupenda kuyasimulia. Kuhusu nyumba waliyokulia alisema tu kwamba ilinukia sabuni na pasi ya moto, kwa kuwa mama yao, yaani Bibi yangu, alikuwa dobi.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, kaka yake, ambaye ndiye baba yangu. Walikuwa chanda na pete, lakini kwenye karatasi walikuwa watu baki. Jina la ukoo la Baba lilianza na S. La Shangazi lilianza na TH. Baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja, majina mawili. Siku Baba alipolazwa hospitali, mlinzi alimzuia Shangazi mlangoni kwa sababu jina lake halikufanana na la mgonjwa. Baba akapaza sauti kutoka kitandani kwamba huyo ni mdogo wake, aachwe apite, ni vile karani alikuwa na haraka.

Maneno hayo ya karani na haraka yake yalikuwa ya Bibi. Walipokuwa wadogo walimuuliza kwa nini majina yao hayafanani, naye kila mara alijibu hivyohivyo, akaigeukia pasi yake. Wakakua wakimlaumu karani.

Baba alipofariki, fundi wa mawe alikuja kuuliza jina la kuchonga kaburini. Kaka yangu akampa lile la S, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha marehemu. Hakuna aliyebisha. Ila Shangazi, aliyekuwa amekaa pembeni na mikono mapajani, aliuliza taratibu Babu mwenyewe aliandikwaje. Tukatazamana. Babu alikuwa mtu wa kambi za ujenzi wa barabara. Alikufa Shangazi hajaanza kutambaa, na hakuacha hata picha. Jiwe lilichongwa, likasimamishwa, lakini swali lile halikuzikwa.

Haukupita muda mrefu Shangazi akaanza kwenda ofisi ya kumbukumbu za vizazi na vifo. Nilidhani anatafuta pa kupeleka majonzi yake, nikamsindikiza. Kilikuwa chumba kirefu cha chini, madirisha yamepandishwa karibu na dari, na makabati ya chuma ambayo kila moja lilikuwa na mlio wake likifunguliwa. Karani wa pale, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alitaka aambiwe jina linaandikwaje.

Shangazi akamwambia, “Mdogo wangu, ningelijua hilo nisingekusumbua.”

Karani alicheka, na urafiki wao ulianzia hapo. Alimfundisha kutofuata herufi, bali kufuata mtaa, mwaka na jina la mama. Alimweleza kwamba zamani watu wengi hawakuandika majina yao wenyewe. Waliyasema dirishani, na mtu mwingine akaandika alichosikia. R ikageuka L, H ikamezwa, na mtu akaingia kitabuni amevaa jina la kuazima.

Ukurasa wa Baba ulipatikana kwanza. Mtoa taarifa: mama wa mtoto. Baadaye ukapatikana wa Shangazi, nao mtoa taarifa alikuwa mama. Kilichomshangaza Shangazi ni mwandiko. Ulikuwa mmoja kotekote, umelala upande uleule, na sahihi ileile chini. Karani yule wa zamani hakuwa na haraka hata chembe. Herufi zake alizipanga kama shanga kwenye uzi. Sasa mtu mmoja, aliyetajiwa jina moja na mama yuleyule, aliliandikaje kwa namna mbili?

Akarudi nyumbani na nakala zake, akakaa nazo jikoni. Aliniambia alifanya alichozoea kazini pale mteja alipotaja jina geni: alifumba macho akalitamka. Alilitamka la S, likapita. Alipolitamka la TH, akamsikia mama yake.

Bibi hakuwa na meno ya mbele. Sahani kwake ilikuwa thahani, sabuni ilikuwa thabuni, na watoto wa mtaani walimwigiza wakikimbia. Sisi wajukuu hatukumkuta, kwa hiyo hatukujua. Shangazi alijua, lakini mazoea yana taabu yake: sauti iliyokulea huisikii tena. Miaka yote aliyofanya kazi ya masikio, hilo lilimpita.

Ikabaki kujua meno yalitoka lini. Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa ajuza mmoja aliyefanya kazi ya udobi pamoja na Bibi, akiishi kwa binti yake nyuma ya duka la misumari na rangi. Tulimkuta ameketi barazani, masikio yamechoka, ikabidi Shangazi asogeze kigoda mpaka magoti yao yakagusana. Alipoelewa huyu ni mtoto wa nani, alimshika mkono na hakuuachia tena.

Alieleza kwamba mashine ya kukamulia nguo ilikuwa na mkono wa chuma wa kuzungusha. Siku moja mashuka yalikwama, mkono ukarudi kwa nguvu, ukampiga Bibi mdomoni. Meno mawili ya juu yakadondokea ndani ya beseni.

“Alikuwa mjamzito,” alisema. “Ujauzito wako huo. Alishika tumbo kwanza, mdomo ukafuata baadaye.”

Kisha akaongeza jambo ambalo hatukuliuliza. Kabla ya siku ile Bibi alikuwa hodari wa kupiga mluzi. Alipiga akifua, akipiga pasi, mpaka msimamizi akimkataza alinyamaza kidogo kisha akaanza upya, na wenzake wote wakacheka. Baada ya meno kutoka hakupiga tena. Hata akicheka alijiziba na kitambaa.

Tulirudi mpaka karibu na kwa Shangazi. Hapo akaniuliza kama namkumbuka Baba akinyoa ndevu. Nikasema ndiyo, na mluzi wake uliokuwa ukituamsha asubuhi. Akasema aliwahi kumuuliza alijifunzia wapi, naye akajibu kazaliwa nao. Alisimama pale kando ya ukuta, akalia. Alisema kaka yake alipata mama ambaye yeye hakumkuta, na hakujua kama kaka huyo alimficha asije akamtonesha kidonda, au alidhani tu kwamba wote wawili wana mama yuleyule.

Alirudi ofisini, na safari hii akamfuata Babu kwa S tu. Akampata kwenye kitabu cha ndoa, ambako Babu alijisemea mwenyewe, kwa meno yake mwenyewe. Jina halali lilikuwa S. Karani alifurahi kwa niaba yake, akamweleza kuwa jina linaweza kusahihishwa: kujaza fomu na kula kiapo, basi. Akampa fomu aende nayo.

Niliikuta mezani kwake, imekunjwa, kikombe cha chai juu yake. Nikadhani nitamfurahisha nikisema nitamjazia. Alinimiminia chai kwanza.

“Mwanangu,” alisema, “hiyo S ni ya babu yako, sina ugomvi nayo. Lakini hii TH ni mdomo wa mama yangu. Alinibeba mimi kichanga na mdomo mbovu, akasimama dirishani mbele ya watu, akalisema jina la mumewe alivyoweza. Nikiifuta, nitamsikia wapi?”

Tulikunywa chai, na fomu ile sikuiona tena.

Hakuacha kwenda ofisini, ingawa alichokuwa akikitafuta alishakipata. Karani humtunzia kiti karibu na dirisha lenye mwanga. Wamepanda ngazi moja juu zaidi, wakampata babu yake Baba, ambaye kwa maajabu kaandikwa kwa SH. Nilipowapitia juzi walikuwa wamekifungua kitabu baina yao na kusahau kazi. Karani aliamini ni kosa la kalamu. Shangazi alishikilia kwamba aliyetaja jina lile ama alikuwa na mafua, ama alikuwa amelewa, na ili kuthibitisha alibana pua akalitamka. Karani naye akabana yake, akajaribu. Waliponiona mlangoni walinipungia mkono nisubiri, wakaendelea.