Kipara cha Bibi Harusi

Nina kipara. Kiko utosini, mviringo kama kisahani cha chai, na nilikipata kihalali. Tangu darasa la tatu nilikuwa nateremka na mama kutoka mlimani hadi sokoni Morogoro mjini, tenga la karoti au ndizi kichwani. Ngata ya nguo chini ya tenga ikasugua, nywele zikachoka, zikaacha kuota. Wanawake wengi wa kwetu wanacho. Ila nilipohamia mjini nikaanza kukionea aibu, nikawa sitoki nje bila kilemba.

Basi nilipopata mchumba, mtu wa Turiani, hofu yangu ilikuwa moja tu: mama mkwe asije akakiona siku ya harusi. Nilikuwa nimeshawasikia mawifi wakiwasifia wake wa kaka zao wengine. Weupe, nywele hadi kiunoni, picha zao za simu zimesafishwa mpaka pua zimepotea. Nikasema na mimi siachwi nyuma.

Dada wa saluni, kule Kilakala, alinitazama utosini akaguna.

"Usijali, shosti. Nakubandikia wigi la gundi, hata upepo wa Uluguru hauling'oi."

Akanipaka uso hadi ukawa na rangi yake peke yake, shingo ikabaki na yangu. Nilijiona mzuri, sitadanganya. Pia nilijiona mgeni.

Nilichosahau, na sijui nilisahauje, ni desturi ya ukoo wetu. Bibi harusi hatoki kwa bibi yake mikono mitupu. Hubeba tenga la ndizi kichwani, bila kulishika, kutoka mlangoni hadi barabarani magari yalipo, wakwe wakitazama. Likidondoka, utani wake hauishi. Watoto wako watakuja kuurithi.

Siku yenyewe, kule mlimani, bibi yangu mzaa mama akanitwika. Nikainua mguu, tenga likateleza. Nywele za nailoni hazishiki mzigo. Ngata ilikuwa inacheza juu yake kama sabuni kwenye beseni. Tukajaribu tena. Likalala upande, ndizi zikamwagika miguuni kwa mama mkwe. Wifi mmoja akacheka waziwazi.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "mzigo haukijui hicho kichwa. Kile chetu umekiacha wapi?"

Hasira ilinipanda, jamani. Nililikasirikia lile wigi, na gundi yake, na miaka yote ya kujifunga vilemba kwenye joto la Morogoro kwa sababu ya watu wasiojua hata karoti inafikaje sokoni. Nikaingiza vidole juu ya sikio, nikavuta. Iliuma hadi machozi yakanitoka, lakini likaja lote. Nikampa yule wifi aliyecheka anishikie.

Kipara changu kinang'aa juani mbele ya wakwe zangu wote. Bibi akaweka ngata, akanitwika tena, na tenga likakaa mahali pake likatulia.

Nikaondoka. Mikono chini kwanza, halafu nikaanza kuichezesha, nikateremka ile njia ya utelezi kwa viatu vya harusi na maringo juu. Sijawahi kujiona mrembo namna ile, si kabla wala baada. Vigelegele vilinifuata mpaka barabarani.

Mama mkwe ndiye aliyenipokea tenga. Akalipima uzito kwa mikono, akanitazama utosini bila haraka, kisha akamgeukia binti yake.

"Mwanangu kapata mke. Wewe endelea kushika hizo nywele."

Baada ya harusi mpiga picha alinipigia simu kwa furaha. Kwenye ile picha kubwa alikuwa amenijazia nywele utosini, bure, zawadi yake. Nikamshukuru, nikamwambia azitoe zote.

Picha iko sebuleni, inatazamana na mlango. Wageni wakiingia, macho yao huanzia utosini kwangu. Nawaacha watazame, halafu nawakaribisha waketi.